Usiku wa Ijumaa ni Upi? Kalenda ya Simu na Daftari la Tableti

RUKIA: Asalaam aleikum, karibuni tena. Tuko Mkomani, Lamu. Dirisha tumelifunga, lakini punda wa jirani hana habari kuwa tunarekodi, mkimsikia mtusamehe. Mie ni Rukia, mpakaji hina.

ATHMAN: Na mie Athman, mwenye mashua. Da Rukia, leo nina ugomvi nawe. Simu unayo, ina kalenda, inalia. Tena una tableti, na ndani ya tableti una daftari la mipango, hilo mnaloliita planna. Mshika mawili moja humponyoka, dadangu.

RUKIA: Liliniponyoka nilipokuwa nimeshika moja. Ngoja nikutolee aibu yangu. Alikuja bibi mmoja kuniwekea siku ya hina ya mjukuu wake, akasema, "Hina ni usiku wa Ijumaa." Nami haraka haraka nikatoa simu, nikabonyeza Ijumaa, saa mbili usiku, nikatia na kengele. Basi Alhamisi baada ya Isha nimekaa zangu nala mkate wa mofa, simu yalia. "Mwanangu, bi harusi ashaoshwa miguu, wewe u wapi?"

ATHMAN: Lo! Kwa bibi, usiku wa Ijumaa ndio huo wa kuamkia Ijumaa.

RUKIA: Siku yake yaanza jua likitua. Siku ya simu yaanza saa sita za usiku. Nikakimbia na hina niliyoikoroga palepale, haikulala hata saa moja. Rangi ikatoka kama chai ya maziwa. Bibi hakusema kitu. Aliitazama mikono ya mjukuu wake, akanitazama mie, akaenda zake jikoni.

ATHMAN: Hilo la kutosema kitu ndilo baya. Lakini planna ingekusaidia nini hapo?

RUKIA: Kalenda hainiulizi swali. Yataka siku na saa, basi. Kwenye planna kila bi harusi ana ukurasa wake, na mie naandika maneno kama yalivyotoka kinywani mwa mtu: "usiku wa Ijumaa". Nikishayaona kwa mwandiko wangu, namuuliza palepale: yaani Alhamisi jioni? Akisema ndiyo, ndipo siku naipeleka kwenye simu.

ATHMAN: Waelezee wasikilizaji hiyo planna ni kitu gani, maana mie nilidhani ni programu.

RUKIA: Si programu, ni faili ya PDF tu. Ina kurasa za mwaka, mwezi, wiki na siku, na pembeni kuna vichupo. Ukigusa "Machi" yakupeleka Machi. Waifungua kwenye programu ya kuandikia kwa mkono, kama GoodNotes, na kalamu ya tableti. Sehemu moja iliyonitesa: ukiwa kwenye hali ya kuandika, ukigusa kichupo wachora nukta tu, hakifunguki. Wiki nzima nilidhani nimeuziwa faili mbovu, kumbe yataka ugeuze iwe hali ya kusoma.

ATHMAN: Na mtandao ukikatika?

RUKIA: Faili imo ndani ya tableti, haina shida na mtandao. Lakini nawe uwe na nakala mahali pengine, maana tableti ikitumbukia majini pale gatini imekwenda na maharusi wote. Huo ukurasa wenyewe basi: juu jina na nyumba, katikati nachora mchoro anaoutaka, maua ya mkononi yaishie wapi, kisha ataka piko, ile rangi nyeusi, au hina tupu, somo wake mwenye kumfunda ni nani, arubuni ametoa kiasi gani. Hayo ukiyatia kwenye kile kisanduku cha maelezo cha kalenda utayasomaje?

ATHMAN: Haya. Na siku na saa waziandika pote pawili?

RUKIA: Hapo ndipo watu wengi huchoka, wakaacha. Mwezi wa kwanza nilinakili kila kitu kotekote. Bi harusi mmoja akasogeza siku, nikabadilisha kwenye simu, kwenye planna nikasahau. Nikawa na siku mbili za harusi moja. Sasa miadi na mtu yakaa kwenye simu peke yake, kwa sababu planna hailii, na mie bila kulia sikumbuki. Kwenye planna kunabaki kazi zangu: kununua hina, kuichuja, kukata karatasi za koni. Asubuhi nafungua simu, naona miadi, kisha naipanga siku kwa kalamu.

ATHMAN: Kulia kwenyewe kuna balaa lake. Mie nilikuwa na wageni wa kwenda Manda Toto saa mbili asubuhi. Nikaandika mbili. Simu ikaniamsha saa nane za usiku, "Wageni, Manda Toto". Mke wangu akauliza wageni gani hao wa usiku!

RUKIA: Ukajieleza vipi?

ATHMAN: Tuyaache. Siku hizi naweka 8:00, na kwenye jina la shughuli naandika kwa maneno, "saa mbili asubuhi". Mgeni wangu wa Ujerumani akinitumia mwaliko, simu yageuza saa yenyewe. Wao husogeza saa zao Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba, sisi hatusogezi kitu, kwa hiyo tunapishana saa moja au saa mbili kutegemea msimu. Hilo kalenda yalijua kuliko mie. Isilolijua ni maji kujaa na kupwa.

RUKIA: Eh, hapo sasa!

ATHMAN: Kila siku maji yachelewa kama dakika 50. Ukiiambia kalenda "kila Jumamosi saa tatu, Pate", Jumamosi hii utaelea, ijayo utakaa kwenye matope ukingoja maji yajae. Na mji wa Pate wenyewe maji yakipwa chombo hakisogei karibu.

RUKIA: Ndiyo maana nakuambia. Chukua ukurasa wa mwezi, andika saa za maji kujaa kila siku, bamvua, yale maji makubwa, utie rangi moja, na maji mafu, yale madogo, rangi nyingine. Mgeni akiomba siku, watazama kwanza hapo.

ATHMAN: Hayo yako kichwani.

RUKIA: Kichwani mwako. Kijana wako akishika usukani siku wewe una homa?

ATHMAN: ...Haya, hilo nimelipokea. Na Maulidi je?

RUKIA: Kalenda ya Google yaweza kukuonyesha tarehe za Hijria pembeni, ingia kwenye mipangilio utafute kalenda mbadala. Waona Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, ukirudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka. Ila hiyo ni hesabu, na mwezi huku kwetu huandama kwa macho. Kwa Idi nafunga siku mbili nzima kwenye simu, nikishasikia tangazo la Kadhi Mkuu nafuta moja.

ATHMAN: Nami nataka unipe nakala ya hiyo faili.

RUKIA: Ukiwa na tableti. Kwa hiyo simu yako iliyopasuka kioo utajichoma kidole. Basi wasikilizaji, tukutane tena usiku wa Ijumaa.

ATHMAN: Upi?

RUKIA: Alhamisi, baada ya Isha. Iandike, 8:00 ile ya usiku.