Jinsi ya kutafuta bomba linalovuja chini ya vigae kwa gesi ya haidrojeni

Habari zenu, watazamaji wetu, karibuni. Leo tunatafuta bomba linalovuja ndani ya nyumba bila kuvunja sakafu nzima. Nyumba iliyo mbele ya kamera ni ya aina iliyojaa Dar es Salaam: maji yanaingia kupitia mita, yanapanda kwenye simtanki juu ya mnara, kisha yanashuka kwa mabomba ya PPR, yaani ya plastiki yanayounganishwa kwa joto, yaliyofukiwa kwenye sakafu na kuta. Ukuta wa korido umelowa kwa chini na rangi inabanduka. Fundi mwenye haraka angeanza kupasua hapo hapo penye unyevu. Usifanye hivyo. Maji hufuata mteremko wa jamvi la zege na nafasi zilizo wazi chini ya vigae, kwa hiyo bomba linaweza kuwa limepasuka bafuni na maji yakajitokeza mita kadhaa mbali.

Tutajaza gesi bombani, kisha tuitafute juu ya sakafu kwa kipima cha haidrojeni. Tuanze na gesi yenyewe. Huu ni mchanganyiko wa haidrojeni asilimia 5 na naitrojeni asilimia 95. Haidrojeni ni nyepesi kuliko gesi zote na molekuli yake ni ndogo sana, hivyo inapenya kwenye ufa unaotoa tone moja moja la maji, halafu inapanda kupitia mchanga, zege na grauti, ile saruji ya kujazia kati ya vigae, mpaka juu. Hewa ya kawaida ina haidrojeni kama nusu sehemu tu kwa milioni, ndiyo maana kipima kikisoma hata sehemu chache kwa milioni unajua kuna kitu. Kwa kiwango hicho cha asilimia 5, mchanganyiko hauwaki ukikutana na hewa. Ununue ukiwa umechanganywa tayari na wauzaji wa gesi za viwandani. Usichanganye mwenyewe, usitumie haidrojeni tupu, na mtungi wa oksijeni usiingie kabisa kwenye kazi hii. Kwa kuwa bomba ni la maji ya kunywa, ulizia gesi ya daraja la chakula. Ulaya gesi zote mbili zinaruhusiwa kwenye vyakula, naitrojeni kwa namba E941 na haidrojeni kwa E949. Heli nayo inafaa, ila bei yake ni kubwa.

Vifaa vingine ni hivi hapa mezani: regyuleta, yaani kifaa cha kupunguza presha ya mtungi, ya kutoa bar 0 hadi 10 (bar ni kipimo cha presha), mpira wa presha, valvu ya njia moja ili maji yasirudi kwenye regyuleta, geji ya presha ya bar 0 hadi 6, plagi za kuzibia mabomba za nusu inchi na robo tatu, tepu ya kufungia nyuzi, maji ya sabuni, tepu ya karatasi na kalamu. Kipima chetu kinanyonya hewa kwa pampu ndogo, na mdomoni kina chujio la kuzuia maji. Chujio likilowa au likiziba, kipima kitasoma sifuri hata ukikiweka juu ya tundu.

Hatua ya kwanza ni kujua upande upi unavuja. Nyumba yenye tanki ina mifumo miwili, na watu wengi hutafuta kwenye usio wenyewe. Funga valvu ya boya kule juu kwenye tanki, halafu tazama mita. Gurudumu dogo la mita likiendelea kuzunguka, uvujaji uko kati ya mita na tanki, na huna sababu ya kuingia bafuni. Likisimama, weka alama ya kimo cha maji kwenye tanki, funga koki zote za ndani, na uache usiku mzima valvu ya kutoa maji tankini ikiwa wazi. Kimo kikishuka, tatizo ni la ndani.

Kisha tenganisha maji ya moto na ya baridi. Hapa kuna mtego: mikisa ya shawa, koki inayochanganya maji ya moto na baridi, ikiachwa wazi kati, pande mbili zinaungana na vipimo vyote vinakuwa vya uongo. Zifunge, ikibidi zing'oe na uweke plagi. Jaza kila upande maji kwa pampu ya mkono hadi bar 3, funga, subiri dakika 15. Upande ambao geji inashuka ndio wa kushughulikia. Hapa kwetu ni upande wa moto.

Hatua ya pili ni kutoa maji, na kazi hii hufanikiwa au hushindikana hapa, kabla hata hujawasha kipima. Maji yakibaki kwenye sehemu ya bomba iliyozama, gesi haifiki ng'ambo. Zaidi ya hapo, itayasukuma maji hayo kutoka kwenye ufa na kulowesha mchanga wa chini, na mchanga uliojaa maji hauipitishi gesi vizuri. Utazunguka chumba kizima bila kusoma chochote, useme gesi haifanyi kazi, kumbe haijawahi kufika.

Kabla ya kufungua chochote, zima hita kwenye swichi kuu na uhakikishe imezimika kweli, kwa sababu koili ikiwaka bila maji inaungua. Funga valvu ya tanki. Fungua mipira miwili ya hita na uzibe ncha za ukutani kwa plagi. Ukiiacha hita ndani ya mfumo, utajaza pipa la lita 50 au 80 kwa gesi bila faida. Kama unashughulikia upande wa baridi, funga pia koki ndogo ya chini ya kila tanki la choo. Sasa fungua koki ya chini kuliko zote maji yatoke, kisha puliza kwa kompresa kwa presha ndogo, bar 1 inatosha, ukifungua koki moja baada ya nyingine mpaka kila moja itoe hewa kavu isiyorusha matone.

Hatua ya tatu, gesi. Simamisha mtungi wima na uufunge kwa mnyororo ili usianguke. Legeza kwanza skrubu ya regyuleta kabisa, ndipo ufungue valvu ya mtungi polepole, ukiwa umesimama pembeni ya geji. Mtungi uliojaa una bar kama 200 na bomba lako halitakiwi kuonja hata sehemu ndogo yake. Paka maji ya sabuni kwenye kila kiungo cha mpira wako. Kiungo chako kikivuja, chumba kitajaa gesi na kipima kitalia kila mahali.

Presha iwe ngapi? Tanki lililo mita 6 juu ya koki linatoa bar 0.6 tu, maana kila mita ni takriban bar 0.1. Bomba linalovuja kwa bar 0.6 litavuja vizuri kabisa kwa bar 2. Sisi tunaanza na 1.5 na hatuvuki 3. Kanuni za mafundi bomba wa Ujerumani nazo huweka ukomo wa bar 3 wakati wa kupima kwa hewa au gesi kwenye mabomba ya hadi milimita 50 kwa ndani, na bar 1 kwa makubwa zaidi. Sababu ni kwamba gesi iliyobanwa inahifadhi nguvu nyingi kuliko maji. Plagi isiyokazwa itaruka kama risasi. Na kama nyumba ina mabomba ya PVC, acha njia hii, kwa sababu PVC ikipasuka ikiwa na gesi iliyobanwa inarusha vipande vikali. Tumia maji na kifaa cha kusikilizia.

Gesi inayohitajika ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. PPR ya milimita 20 yenye ukuta wa 3.4 inabeba kama mililita 137 kwa mita. Mita 60 ni lita 8 na kidogo. Kwa bar 2 ni kama lita 25 za gesi. Mtungi wa lita 10 wenye bar 200 una karibu lita 2,000. Gesi nyingi inaishia kwenye kusafisha hewa bombani na kwenye uvujaji wenyewe.

Sasa sikilizeni jambo la usalama. Naitrojeni haina harufu na inasukuma oksijeni nje. Bafu la mita 2 kwa 1.5 lenye kimo cha 2.5 lina lita 7,500 za hewa. Ukiachia humo lita 400, oksijeni inashuka kutoka asilimia 20.9 hadi kama 19.8. Ukisahau mtungi mzima ukatokea humo, itafika chini ya asilimia 17, na mtu anaweza kuanza kupoteza uwezo wa kufikiri bila kujua. Mtungi ukae nje, mpira ndio uingie. Usifanye kazi hii peke yako.

Gesi ikishaingia, nenda kwenye koki ya mbali zaidi, ifungue kidogo, weka kipima kwenye mdomo wa koki. Kikipanda kwa nguvu, gesi imefika, funga. Rudia kwenye kila koki ya upande huo, hata ya jikoni ambayo unaona haihusiki. Tawi ambalo hukulifungua limebaki na hewa, na kama ufa uko huko hutauona. Halafu pitisha kipima kwenye koki zote zikiwa zimefungwa. Koki isiyodondosha maji inaweza kupitisha gesi. Hiyo ing'oe na uweke plagi.

Subiri. Chini ya vigae na saruji ya sentimita 5, dakika 15 hadi 30. Chini ya zege nene, saa moja au mbili. Ardhi ikiwa imelowa sana, zaidi ya hapo. Zima feni na kiyoyozi, funga madirisha, na usipige deki. Grauti iliyolowa inafunga njia ya gesi. Mwaga maji kwenye mdomo wa bomba la kutolea maji machafu na uufunike kwa kitambaa kilicholowa, kwa kuwa gesi za shimoni zinaweza kukipotosha kipima. Betri za inveta zinapochajiwa hutoa haidrojeni halisi, hivyo zizime. Moshi wa jenereta, sigara, manukato na dawa ya mikono yenye spiriti navyo viwe mbali.

Washa kipima nje ya nyumba, kwenye hewa safi, ukiache kipate joto na kitulie. Anza kusoma. Shika mdomo wake sentimita moja juu ya sakafu, fuata mistari ya grauti, simama sekunde tano kila baada ya sentimita 30. Bandika kipande cha tepu ya karatasi na uandike namba. Hapa mnaona: mlangoni 2, kando ya beseni 4, katikati 9, karibu na ukuta wa shawa 35, kwenye kona 180, ukivuka kona 60.

Usishike patasi bado. Vigae vilivyowekwa bila saruji ya kutosha vina uwazi chini, na gesi inasafiri humo hadi ipate grauti iliyopasuka. Gonga kigae kwa sarafu. Kikilia utupu, isome namba hiyo kwa tahadhari. Ukiona namba kubwa kwenye soketi ya umeme, jua gesi imepita kwenye paipu ya nyaya. Ukutani, gesi hupanda, kwa hiyo ufa mara nyingi uko chini ya mahali panaposoma zaidi.

Njia tunayoiamini ni hii. Funga gesi na ushushe presha ya bomba, fungua madirisha, washa feni dakika 10 hadi namba zishuke. Zima feni, funga madirisha, rudisha gesi kwa bar 1 tu, na uweke kipima kwenye zile sehemu tatu zenye namba kubwa, moja baada ya nyingine. Inayopanda kwanza ndiyo iliyo karibu na ufa. Chumba kizima kikisoma juu tangu mwanzo, uvujaji ni mkubwa. Presha ndogo ndiyo dawa, usiongeze.

Kama bado pana utata, toboa matundu matatu au manne ya milimita 6 kwenye makutano ya grauti, kina cha kupita kigae tu, baada ya kujua bomba limepita wapi. Bafuni penye utando wa kuzuia maji usitoboe kabla hujasoma kando za ukuta na kizingiti cha mlango, na ukitoboa, uzibe utando huo upya.

Sasa pasua eneo la sentimita 30 kwa 30. Ukifika kwenye bomba, rudisha gesi na upake maji ya sabuni: povu litakuonyesha ufa wenyewe. Kwenye PPR mara nyingi ni kiungo ambacho mashine ya kuchomelea haikukipasha joto sawasawa. Kwenye mabomba ya chuma yaliyoliwa na kutu, usisimame kwenye tundu la kwanza. Endelea kusoma njia yote, maana yanaweza kuwa mawili au matatu.

Ukishachomelea, jaza maji, panda bar 3 tena, acha saa moja kabla ya kurudisha zege. Geji ikisimama, unganisha hita, fungua valvu ya tanki, na uache kila koki itiririke dakika tano ukianza na ya mbali. Hita usiiwashe mpaka koki ya moto itoe maji mfululizo bila kukohoa hewa.