Bunduki Mpya Inatawanya Risasi: Tuanzie Wapi Kabla ya Kulaumu Mtutu?

NEEMA: Karibuni tena kipindini. Niko na Kaka Idi kama kawaida, na leo tunaingia moja kwa moja kwenye lile linaloulizwa mara kwa mara. Mtu amenunua bunduki ya bolti, yaani ile yenye komeo la chuma la kuvuta kwa mkono kila risasi, imetoka kiwandani vilevile, amefunga darubini nzuri, anakwenda uwanja wa shabaha. Mita 100, risasi 5, matundu yametapakaa sentimita 9 au 10. Anarudi akisema mtutu ni mbovu. Kaka Idi, mtutu ni mbovu?

IDI: Dada Neema, inawezekana, lakini mimi mtutu nauweka mwisho wa foleni. Mbele yake kuna skrubu, kuna darubini, kuna aina ya risasi, kuna stoki, yaani ule mwili wa mbao au plastiki unaobeba chuma cha bunduki, na kuna mpigaji mwenyewe. Vyote hivyo unaweza kuvikagua bila kumlipa fundi. Watu wanaanza na mtutu kwa sababu ndio unaoogopesha, halafu wanautoa mtutu mzima kumbe skrubu ya mbele ilikuwa inacheza.

NEEMA: Kabla hujaenda kwenye skrubu, nataka tuseme hiyo sentimita 9 maana yake nini, kwa sababu wengine wanalalamika wakati bunduki haina ugonjwa.

IDI: Sawa. Kipimo cha wapiga shabaha ni dakika ya pembe, yaani sehemu 1 kati ya 60 za digrii. Kwa mita 100 ni milimita 29 hivi. Bunduki ya kuwindia ya kiwandani ikikupa dakika 1 na nusu kwa risasi 5, hapo una chombo kizuri. Baadhi ya viwanda hutangaza dakika 1, lakini soma maandishi madogo: mara nyingi ni kwa risasi 3.

NEEMA: Na hapo ndipo wengi wanapopotea. Risasi 3 na risasi 10 si mtihani mmoja. Chukua bunduki ileile, mpigaji yuleyule. Kama makundi yake, yaani upana wa matundu kwenye karatasi, ya risasi 3 yana wastani wa milimita 30, ya risasi 5 yatakuwa kama 38, na ya risasi 10 yatakaribia 47. Hakuna kilichoharibika. Kadiri unavyoongeza risasi, ndivyo zile za pembezoni zinavyopata nafasi ya kujitokeza.

IDI: Kwa hiyo ukibadilisha kitu, halafu kundi moja la risasi 3 likatoka dogo, usishangilie. Na likitoka kubwa, usilie. Piga makundi kadhaa ya risasi 5, yaangalie kwa pamoja, ndipo useme.

NEEMA: Haya, skrubu.

IDI: Kwanza usalama. Toa magazini, fungua bolti, tazama ndani ya chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, kwa jicho na uingize kidole, halafu chomoa bolti kabisa uiweke kando. Risasi zote zitoke kwenye meza unayofanyia kazi. Hata kama bunduki unaijua.

NEEMA: Kabisa.

IDI: Sasa, mwili wa chuma wa bunduki, ule unaobeba mtutu na bolti, umeshikwa kwenye stoki kwa skrubu 2, mara nyingine 3. Zikilegea, kila unapopiga, chuma kinahama kidogo ndani ya stoki na kutua mahali pengine. Tafuta bisibisi yenye kipimo cha nguvu, ile inayolia «tik» ukifika kiwango. Viwango vingi viko kati ya nyutonimita 4 na 7: stoki ya mbao tupu iko chini, yenye nguzo au kitanda cha alumini iko juu. Lakini kitabu kilichokuja na bunduki yako ndicho chenye neno la mwisho. Na kabla ya kukaza, simamisha bunduki wima, kitako chini, ili lile jino la chuma linalopokea teke likae limeegemea mahali pake.

NEEMA: Na skrubu za darubini?

IDI: Hizo ndizo zinazoongoza kwa fujo, kwa maoni yangu. Ondoa darubini na pete zake, shika kile kitako cha chuma kilichofungwa juu ya bunduki, jaribu kukitikisa. Skrubu zake zina mafuta ya kiwandani? Zifute, zifunge upya kwa kipimo. Pete za juu hazihitaji nguvu nyingi, karibu nyutonimita 2 zinatosha. Ukizidisha unaibana bomba la darubini, na mitambo ya ndani inakwama.

NEEMA: Mimi huwa nawaambia wapake kidoa cha rangi ya kucha, nusu kwenye kichwa cha skrubu na nusu kwenye pete. Siku ule mstari ukikatika, umeshajua imejizungusha.

IDI: Hilo fanyeni. Halafu darubini yenyewe nayo huugua. Ukiona makundi 2 madogo kwenye karatasi moja, risasi 3 huku na 2 kule, na kila kundi limekaza, shuku darubini au namna chuma kilivyokaa kwenye stoki. Kuna kitu kina vituo 2, kinaruka kutoka kimoja hadi kingine.

NEEMA: Jaribio lake ni lile la mraba. Bunduki ikiwa imetulia kwenye mifuko ya mchanga, piga, zungusha kirekebishi cha darubini upande klik 20, piga, nenda kulia 20, piga, shuka 20, piga, rudi kushoto 20, piga. Risasi ya mwisho inatakiwa kurudi pale ilipoanzia ya kwanza. Kwa darubini ya robo dakika kwa kila klik, kila upande wa mraba ule ni kama sentimita 14 na nusu kwa mita 100. Lenga palepale muda wote, usihamishe ule msalaba wa darubini kutoka kwenye shabaha.

IDI: Na paralaksi, yaani msalaba kuonekana ukihama jicho linapohama. Watu wanaidharau. Tuliza bunduki kwenye mifuko, usiiguse, halafu sogeza jicho juu na chini, kushoto na kulia. Msalaba ukitembea juu ya shabaha, basi kila unapoweka shavu tofauti unalenga mahali tofauti. Darubini iliyotengenezwa kwa bunduki ndogo za mita 50, ukiifunga kwenye bunduki kubwa upige mita 100, itakufanyia hivyo.

NEEMA: Kama kuna rafiki mwenye darubini unayoiamini, iazime. Hiyo inamaliza ubishi haraka kuliko jaribio lolote.

IDI: Twende kwenye stoki, maana hapa nina mengi. Chukua karatasi ya kawaida, ikunje mara moja, ipitishe kati ya mtutu na stoki kwa mbele, halafu ivute kuelekea chemba. Nenda taratibu. Usisukume, acha vidole vihisi. Kwenye bunduki ambayo mtutu wake umeachwa huru, karatasi inateleza mpaka karibu na chemba. Ikikwama upande wa kulia katikati ya njia, hapo stoki inagusa. Mtutu ukipigwa unatetemeka, na ukigusa mbao siku moja kwa nguvu hii na kesho kwa nguvu nyingine, utapata matundu tofauti.

NEEMA: Mbao pia inavimba na unyevu. Bunduki ya mbao inaweza kupiga vizuri kiangazi, masika ikahamia kushoto.

IDI: Na stoki nyepesi za plastiki nazo, mbele huwa laini. Karatasi inapita bunduki ikiwa mezani, lakini ukiilaza kwenye mfuko na kuiegemea kwa uzito wako, plastiki inapinda inagusa mtutu. Kwa hiyo rudia jaribio la karatasi ukiwa umelala vilevile unavyopiga, mwenzako ndiye apitishe karatasi, bolti ikiwa nje.

NEEMA: Lakini tuwe waangalifu, kuna bunduki zilizotengenezwa makusudi na kinundu karibu na ncha ya stoki kinachousukuma mtutu juu. Hiyo si hitilafu.

IDI: Ndiyo, nyingine zinapiga vizuri hivyohivyo. Usikimbilie msasa. Weka kwanza kipande cha kadi chini ya mwili wa chuma, mbele karibu na jino la teke, ili kuinua mtutu kwa muda. Piga. Kama makundi yamebadilika, sasa una sababu ya kukwangua.

NEEMA: Eleza lile la kidole.

IDI: Hili nalipenda sana. Bunduki imesimama kitako chini, skrubu zote zimekazwa. Weka ncha ya kidole pale mtutu na ncha ya stoki vinapokutana, nusu kwenye chuma, nusu kwenye stoki. Sasa mwenzako alegeze skrubu ya mbele polepole, wewe usiangalie. Kidole kitakwambia. Ukihisi mtutu umeruka kutoka kwenye stoki, maana yake chuma kilikuwa kimepindwa kwa nguvu kilipokazwa, hakikukaa sawa. Kidole kinahisi hata kile jicho lisichokiona. Rudia kwa skrubu ya nyuma. Ikiruka sana, hapo ndipo kazi ya kumwagia gundi ngumu ili chuma kipate kitanda chake inapokuwa na maana.

NEEMA: Na sanduku la magazini?

IDI: Asante kwa kunikumbusha. Lile sanduku la bati likiwa refu kidogo, linabanwa kati ya chuma na kifuniko cha chini. Unadhani umekaza stoki, kumbe umekaza bati. Linatakiwa lichezecheze kidogo baada ya kukaza kila kitu.

NEEMA: Risasi zenyewe sasa. Mimi nasema kama umejaribu aina moja tu, bado hujaijaribu bunduki. Nunua aina 3 au 4, zenye vichwa vya uzito tofauti, kutoka viwanda tofauti. Kati ya aina ambayo bunduki inaipenda na ile inayoikataa, kundi linaweza kuwa kubwa mara mbili, bila kugusa skrubu hata moja.

IDI: Na angalia msokoto wa mtutu, yaani ile mifereji ya ndani inayoizungusha risasi. Bunduki ya .223 yenye mzunguko mmoja kila inchi 12 inazungusha vizuri kichwa cha greni 55, greni ikiwa kipimo cha uzito. Ipe kichwa kirefu cha greni 75, hakipati mzunguko wa kutosha, kinayumba hewani. Kwenye karatasi utaona matundu ya yai badala ya duara. Ukiona hivyo, acha mengine yote, badilisha risasi.

NEEMA: Na hapo urefu wa kichwa ndio unaotawala zaidi kuliko uzito. Kanuni ya Greenhill ya mwaka 1879, ya kukadiria msokoto unaofaa, ilikuwa imeshalisema hilo, na mpaka leo inakufikisha karibu.

IDI: Usafi tuupitie haraka. Bunduki mpya isafishe kabla ya kuipiga, ina mafuta ya ghala. Baada ya hapo, kama usahihi umeshuka polepole, shuku shaba iliyoganda ndani ya mtutu na masizi magumu mbele ya chemba. Dawa yenye amonia inatoka na rangi ya buluu ikikuta shaba. Ila kama ncha ya ufito wako wa kusafishia ni ya shaba nyeupe au njano, nayo itatoa buluu ileile, na utasugua hadi usiku bila sababu.

NEEMA: Ingiza ufito kutokea chemba, usitokee mdomoni.

IDI: Maana ukingo wa mdomo ndio wa mwisho kuigusa risasi. Pitisha kipande cha pamba kuuzunguka kutoka ndani kwenda nje. Kikiacha nyuzi mahali, pana kovu. Hilo ni la fundi, na ni kazi ndogo kwake.

NEEMA: Mitutu myembamba inayochemka?

IDI: Matundu yakipanda kwa mpangilio, la kwanza chini, la tano juu, au yakitembea kuelekea upande mmoja, huo ni mtutu unaopata joto, au unagusa stoki unapotanuka. Piga 3, fungua bolti, acha upoe mpaka uweze kuushika kwa mkono bila kuuachia. Bunduki ya mawindo haikutengenezwa kupiga 20 mfululizo. Kwa mwindaji, risasi ya kwanza ya mtutu baridi ndiyo yenye thamani.

NEEMA: Tumemwacha mpigaji.

IDI: Hatujamwacha, na simwambii hivyo kumdharau. Triga nzito ya kiwandani, teke kubwa, bunduki nyepesi: mtu yeyote mwili wake utashtuka. Mwenzako akupakilie magazini kwa kuchanganya risasi bandia za mazoezi, usijue ipi iko wapi. Triga ikigonga patupu na mdomo wa bunduki ukashuka chini, umeona ugonjwa kwa macho yako.

NEEMA: Na mfuko wa mbele ukae chini ya stoki, usiwe chini ya mtutu. Kile kishikio cha mkanda kisiguse mfuko bunduki inaporudi nyuma. Kikigonga kinairusha juu.

IDI: Halafu mpe mtu unayejua anapiga vizuri. Akipata kundi dogo kwa bunduki yako na risasi zako, fundi hahitajiki.

NEEMA: Na kama naye ametawanya?

IDI: Skrubu zimepimwa, darubini imebadilishwa, aina 4 za risasi zimejaribiwa, stoki haigusi, wapigaji 2 wamepata jibu moja. Sasa nakubali kusema mtutu. Usianze kukata wala kukwangua, unaweza kupoteza dhamana. Kusanya zile karatasi za shabaha, kila moja iandikwe umbali, aina ya risasi na idadi, uipeleke bunduki dukani au kiwandani pamoja nazo. Ukienda na maneno matupu watakwambia kajaribu tena. Ukienda na karatasi 8 zilizoandikwa, mazungumzo yanakuwa mengine.

NEEMA: Wiki ijayo tutachukua triga peke yake, maana maswali yake yamejaa. Kaka Idi, asante.

IDI: Asante dada. Na jamani, bolti nje kabla ya bisibisi.