Tufe, kamba na upepo

SUDI: Tunarekodi? Haya. Wasikilizaji wetu, leo Mwajuma kaja na karatasi. Mambo matano ya kuendesha klabu ya magari ya 4x4 kwa usalama: ukaguzi kabla ya safari, mpangilio wa msafara, kunasua gari lililokwama, kutunza njia, na huduma ya kwanza. Yote matano lazima tuyamalize. Ila dada yangu kaingia hapa hana raha, na mimi najua ni ile ya Jumamosi. Tuanze nayo.

MWAJUMA: Tuanze nayo, kaka, la sivyo sitazungumza vizuri. Nilikuwa kiongozi wa msafara, magari tisa. Gari la tano likazama mchangani, likakalia tumbo kabisa.

SUDI: Upepo wa matairi mlipunguza?

MWAJUMA: Nakuja huko. Mimi nilikuwa mbele, nimeshavuka kilima. Nikasikia sauti kwenye redio koli, "Tayari, vuta." Nikajiuliza, tayari ya nani? Mbona mimi sijafika? Nikashuka garini nikarudi mbio. Nilipofika juu ya kilima, gari la kuvuta limeshaanza kusogea. Kamba imelala mchangani, imejipinda kama nyoka, na mipindo inanyooka mmoja mmoja. Nikaifuata kwa macho hadi kwenye gari lililokwama. Jicho la kamba limevishwa kwenye tufe la trela.

SUDI: Ee Mola wangu.

MWAJUMA: Nikapiga kelele kwenye redio, "Simama! Simama! Simama!" Dereva akakanyaga breki. Kamba ilikuwa imebakiza mpindo mmoja.

SUDI: Mmoja?

MWAJUMA: Mmoja, kama huu wa mkono wangu hapa. Hakuna aliyeumia, hakuna kilichovunjika, na tangu Jumamosi silali vizuri.

SUDI: Tuwaeleze wageni wetu. Tufe la trela ni kile chuma cha mviringo nyuma ya gari, kwa kawaida milimita 50 kwa upana, cha kushikia trela. Kimetengenezwa kwa ajili ya mzigo unaovutwa kwa utulivu. Kunasua gari kwa kamba inayovutika ni kishindo, na kishindo kinakwenda kukaa pale kwenye shingo ya tufe. Ikikatika, tufe linaruka. Watu wamekufa kwa jambo hilo, si hadithi za kutishana.

MWAJUMA: Na unajua kinachoniuma? Jicho la kamba linaingia kwenye tufe kama limeshonewa. Linakaa vizuri, halichomoki, halisumbui. Mtu akiangalia anasema hapa ndipo penyewe. Chuma chenyewe kinamdanganya.

SUDI: Mimi nilirusha tufe shuleni.

MWAJUMA: Kila kipindi unatuambia.

SUDI: Leo lina kazi! Tufe la mashindano ya wanaume lina kilo 7.26. Unalishika shingoni, unazunguka, unatumia mwili mzima, miguu, kiuno, bega, halafu linakwenda mita chache tu. Sasa chukua chuma chepesi kuliko hicho mara nyingi, na badala ya bega langu weka gari la tani mbili linalokimbia, na kamba iliyovutika hadi mwisho. Hilo si tufe tena, ni jiwe la manati.

MWAJUMA: Kamba yetu ina mita 9. Kamba hizi za nailoni zimefumwa zirefuke. Kulingana na aina, ya mita 9 inaweza kuongezeka karibu mita mbili, nyingine hata karibu tatu. Nguvu yote inalala mle ndani, halafu inarudi mara moja. Ndiyo maana zinanasua gari vizuri. Na ndiyo maana hutakiwi kuifunga mahali pasipostahimili.

SUDI: Na zile pete nyembamba chini ya bampa? Wengi wanadhani ni za kuvutia.

MWAJUMA: Nyingi ni za kufungia gari lisiserereke likisafirishwa melini au juu ya lori. Si za kunasulia. Ndoano ya kunasulia imefungwa kwenye chasisi kwa boliti zinazoeleweka, na uzito inaostahimili umeandikwa. Pingu ya chuma, ile ya kuunganishia kamba na ndoano, vilevile: isiyo na maandishi ya uzito mimi siifungi. Nyuma kama hakuna ndoano, toa tufe na mkono wake, chomeka kwenye lile tundu la mraba kipande maalumu chenye pingu. Kazi ya dakika moja.

SUDI: Watu walikuwa wamesimama wapi?

MWAJUMA: Hatua nne, tano kutoka kwenye kamba. Wamenyanyua simu wanarekodi.

SUDI: Kanuni ni angalau mara moja na nusu ya urefu wa kamba. Kamba ya mita 9, wewe simama mita 14 au zaidi, na usisimame kwenye mstari wake, mbele wala nyuma.

MWAJUMA: Nimewaambia mara ngapi? Kila nikigeuka wamesogea. Gari likikwama linavuta watu kama ngoma.

SUDI: Ndani ya magari walikuwemo abiria?

MWAJUMA: (kimya) Gari la kuvuta. Kiti cha nyuma. Mtoto.

SUDI: Mwajuma.

MWAJUMA: Najua.

SUDI: Magari yalikuwa yamepeana mgongo?

MWAJUMA: Ndiyo. Tufe lingekwenda moja kwa moja kwenye kioo cha nyuma. Wakati wa kunasua, garini anabaki dereva peke yake. Hiyo nayo ilisahauliwa.

SUDI: Basi hapa karatasi yako isubiri. Huyu bwana aliyefunga kamba anasimamishwa safari ngapi? Mimi nasema tatu, na hapo nimempunguzia.

MWAJUMA: Mimi nasema hata moja hapana.

SUDI: Hata moja?

MWAJUMA: Sikiliza. Tulipomaliza alinifuata pembeni. Akaniambia, "Dada, nimewahi kufanya hivi mara mbili huko nyuma, hakuna aliyeniona." Mara mbili, Sudi! Kwenye klabu yetu, na sisi hatujui. Amesema kwa hiari yake. Nikimsimamisha leo, wa kesho atanyamaza, na mimi nitaendelea kuongoza msafara nikidhani tuko salama.

SUDI: Na usipomsimamisha, wa kesho atajua kwamba kanuni zetu ni mapambo. Mtoto alikuwa kiti cha nyuma. Utamwambia nini mzazi? Kwamba tumempongeza aliyefunga kamba kwa kuwa mkweli?

MWAJUMA: Sijasema pongezi. Nimesema asiadhibiwe. Marekani, tangu 1976, NASA, shirika lao la anga, wanaendesha mfumo wa kupokea taarifa za usalama kutoka kwa marubani na watu wengine wa anga. Rubani anaandika kosa lake, jina lake linafichwa, na somo linawafikia wenzake. Watu wanaobeba roho za mamia wameona ni afadhali wasikie kosa kuliko walifiche.

SUDI: Na mimi nimeusoma huo mfumo, dada. Kinga yake dhidi ya adhabu haimfikii aliyevunja kanuni kwa makusudi. Umeruka ukurasa huo.

MWAJUMA: Makusudi yako wapi? Alidhani pale ndipo penyewe.

SUDI: Asubuhi hukusema kwenye maelezo ya safari? Wewe, ninavyokujua, ulisema.

MWAJUMA: Nilisema. Yeye hakuwepo. Alichelewa dakika 20, nikamruhusu aingie kwenye msafara bila kumrudia maelezo. Kwa hiyo kama ni adhabu, ianze kwangu.

SUDI: Sawa. Ianze kwako.

MWAJUMA: Unasema kweli?

SUDI: Nasema kweli. Kiongozi aliyemruhusu mtu bila maelezo anapumzika uongozi safari moja. Aliyefunga kamba kwenye tufe anapumzika tatu. Dereva wa kuvuta aliyeondoka bila amri yako, na mtoto wake garini, mbili. Nakuheshimu, na ndiyo maana nakuambia usoni badala ya kusema nyuma yako.

MWAJUMA: Safari yangu moja naipokea, wala sina kinyongo. Zake tatu sizipokei. Mimi nilijua kanuni, yeye hakujua. Huwezi kutupima kwa kibaba kimoja.

SUDI: Asiyejua anauliza. Redio si alikuwa nayo? Kwenye kunasua anayetoa amri ni mtu mmoja, na hilo kila mwanachama analijua tangu siku ya kwanza, hata aliyechelewa. Tena nitakuambia kitu: kamba haijali kama ulijua au hukujua.

MWAJUMA: Kamba haijali, lakini watu wanajali. Mimi naongoza watu.

SUDI: Na mimi naogopa mazishi.

MWAJUMA: Kwani mimi siogopi? Mimi ndiye niliyeona mpindo ule wa mwisho.

SUDI: (kimya) Tusogee. Hapa hatutaelewana.

MWAJUMA: Hatutaelewana. Na kamati ikikaa nitasema hivihivi.

SUDI: Nami nitasema hivihivi. Haya, msafara wenyewe ulikuwaje? Mkiani alikuwa nani?

MWAJUMA: Mtu mzoefu, ana koleo, ana kisanduku cha huduma ya kwanza, kila kitu. Tatizo alikuwa nyuma ya kona, haoni. Watu wanadhani gari la mwisho ndilo linalolinda wote. Siyo. Kila dereva anamlinda aliye nyuma yake. Ukifika penye njia panda, au ukianza kupanda kilima, subiri hadi umwone kwenye kioo. Humwoni, simama. Kila mmoja akisimama, habari inanifikia mbele hata redio ikikatika. Jumamosi gari la nne halikusimama, ndiyo maana mimi nimeshavuka kilima na wala sijui kama mtu kakwama.

SUDI: Sasa nijibu. Upepo.

MWAJUMA: (anacheka) Unalo hilo tu.

SUDI: Nimeuliza tangu mwanzo! Mlipunguza?

MWAJUMA: Baada ya kila mtu kutulia nilichukua geji nikapima. Tairi zote nne, psi 35, kwa kipimo cha upepo.

SUDI: Thelathini na tano! Kwenye mchanga!

MWAJUMA: Kama katoka lami sasa hivi. Tukashusha hadi 16. Ukiinama unaliona tairi linavyotulia, tumbo linaweka chini, ule unyayo unarefuka. Tukachimba mbele ya kila gurudumu, tukatoa mchanga chini ya tumbo la gari, karibu nusu saa ya koleo. Dereva akaweka gia nzito, akaondoka polepole bila kuzungusha matairi. Likatoka.

SUDI: Bila kamba?

MWAJUMA: Bila kamba. Wala hatukusukuma.

SUDI: Unaona sasa? Kamba yote ile, tufe lote lile, mtoto kiti cha nyuma, na dawa ilikuwa kwenye kifuniko kidogo cha tairi!

MWAJUMA: Ndiyo maana nilikuwa naichelewesha. Nilijua nikiitaja mapema hutaniacha nimalize.

SUDI: Nisingekuacha. Ila tuseme na upande wa pili: ukiwa na psi 16 usikate kona kwa kasi, tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu. Na ujaze upepo kabla ya kurudi barabarani. Pampu ni ya kila gari, si moja kwa msafara mzima.

MWAJUMA: Sudi, fundi mitambo ananionyesha vidole vitatu. Dakika tatu.

SUDI: Na karatasi?

MWAJUMA: Ukaguzi tumeugusa, msafara kidogo, kunasua ndiko tulikozama wenyewe. Kutunza njia na huduma ya kwanza, hata neno.

SUDI: Sema moja la njia.

MWAJUMA: Ukikuta dimbwi katikati ya njia, likague kwa miguu kwanza. Linapitika, pita katikati. Halipitiki, geuza. Usilizunguke. Mmoja akizunguka, wa pili anafuata ukingo wake, mwaka haujaisha njia ya gari moja imekuwa uwanja, majani yamekwisha. Mengine siwezi kuyabana kwa dakika mbili, na huduma ya kwanza siitaki ya haraka haraka. Tuiache.

SUDI: Tuiache. Lile tufe limeishia wapi?

MWAJUMA: Ninalo kwenye buti. Mwenyewe alilifungua palepale, akanipa mkononi. Rangi imekwanguka mstari mmoja shingoni, pale jicho la kamba lilipokaa. Mstari mwembamba, unang'aa.

SUDI: Alikupa mwenyewe?

MWAJUMA: Mwenyewe. Sikumwomba.

SUDI: (kimya) Bado nasema tatu.

MWAJUMA: Nami bado nasema hata moja. Jumamosi hii hakuna safari. Tunakutana kukagua ndoano za kila gari, mbele na nyuma, boliti kwa boliti. Yeye ndiye atakayelala chini ya magari na tochi, ameomba. Wewe njoo na spana.

SUDI: Namba ngapi?

MWAJUMA: Njoo nazo zote. Na geji ya upepo.