Kigoda cha Beka

MWANA: Asalaam aleykum, hamjambo wote. Leo Beka mtamsikia kwa mbali. Hatujagombana, bado. Yeye yuko kibarazani kwenye kigoda, mimi niko sebuleni, mlango umekaa katikati yetu.

BEKA: Nimetolewa nje kama mbuzi aliyetafuna kanga ya mtu.

MWANA: Umesogezwa tu. Wasikilizaji wetu wa siku zote mnayajua marashi ya Beka, yale ya elfu tatu. Sasa nina mgeni, shangazi yangu wa Newala, yuko hapa Shangani, Mtwara mjini, tangu Jumamosi. Hata viatu hajavua, ananiuliza, "Mwanangu, humu kuna nini?" Sabuni ya unga ilikuwa kwenye beseni uani. Uani, Beka! Nikaitoa. Jumapili ikawa zamu ya dawa ya mbu. Jumatatu kichwa kinamvuma, akanyoosha kidole kwenye ruta. Tangu hapo sina waifai, taa ya tyubu siwashi, na usiku nachomoa friji. Changu wangu wawili wameoza.

BEKA: Changu wameenda bure. Na hiyo rekoda hapo mezani, haitumii umeme?

MWANA: Ya betri, na shangazi yuko chumba cha nyuma. Usianze.

BEKA: Nauliza tu.

MWANA: Kwa hiyo leo tulipanga mambo matatu ya kumweleza mtu ambaye hajawahi kusikia kwamba kuna watu wanaoumwa na harufu za kemikali, na wengine wanasema wanaumwa na umeme na mawimbi ya simu. Beka kayaandika kwenye karatasi.

BEKA: Karatasi ninayo huku. Nisogee nisome?

MWANA: Kaa hapo hapo. Kwanza niwape ya bombani. Juzi mama wawili wananiuliza kama nimeshampeleka shangazi kwa mtaalamu. Wanasema ana jini, kwa sababu marashi yanamkimbiza.

BEKA: Jini gani anakimbia marashi? Majini ndio wanayadai! Marashi, udi, ubani, mpaka sahani ya halua.

MWANA: Ndivyo nilivyowajibu! Wakasema basi huyu jini wake ni wa bara.

BEKA: (anacheka) Ningekuwa jini ningependeza sana.

MWANA: Nikawaambia hivi: pilipili ikiungua kikaangoni, mmoja anapiga chafya moja anaendelea kula, mwingine anatoka mbio hadi barabarani, machozi yanamtoka. Moshi ni ule ule. Shangazi ni huyo wa barabarani, ila kwake pilipili ni sabuni, rangi mpya ya ukuta, petroli, na kijana mmoja wa kibarazani.

BEKA: Jana na leo sijajipulizia. Wallahi.

MWANA: Yamo kwenye shati.

BEKA: Shati limefuliwa!

MWANA: Kwa sabuni gani?

BEKA: ...Haya.

MWANA: Watu wanadhani ni mambo ya kizungu ya juzi. Mwaka 1987 daktari mmoja wa Marekani, Mark Cullen, aliandika kuhusu wafanyakazi waliowahi kuvuta kemikali kazini, baadaye hata kiasi kidogo cha vitu vingine kikawa kinawaangusha. Mimi niliposoma hapo nikakumbuka salfa.

BEKA: Ah, hapo sawa. Salfa naijua.

MWANA: Nani wa huku haijui? Mikorosho ikianza kutoa maua, ugonjwa wa ubwiri unga unakuja, na watu wanapuliza unga wa salfa. Alfajiri, umande ungali kwenye majani, upepo umelala. Unaamshwa na mngurumo wa mashine, ukitoka nje shamba zima limefunikwa na wingu la manjano.

BEKA: Sisi tulikwenda shule kola za njano. Macho yanawasha mpaka saa nne. Na chai! Hata ukifunika sufuria, ladha ni ile ile.

MWANA: Shangazi kabeba mashine mgongoni misimu zaidi ya ishirini, kajifunga upande wa kanga puani. Anasema ule msimu wa mwisho alianza kukohoa, kikohozi kikaisha, lakini pua haikurudi kama zamani. Siwezi kuapa kwamba ni salfa. Nasema anavyosema mwenyewe. Beka, mbona sauti yako imekaribia?

BEKA: Upepo.

MWANA: Kigoda!

BEKA: Kimeteleza. Hapa kuna mteremko.

MWANA: Rudi.

BEKA: Nimerudi. Sikiliza, dada Mwana. Ya kemikali nakubali, salfa inawasha hata ng'ombe. Ya waifai ndiyo inanishinda. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2005 kwamba maumivu ya hawa watu ni ya kweli, lakini hakuna msingi wa kisayansi wa kuyafunga na mawimbi. Na mwaka huo huo watafiti wa London walikusanya majaribio 31, watu 725 wanaosema mawimbi yanawaumiza. Wamewekwa mahali hawajui mtambo umewashwa au umezimwa. Kwa jumla hawakuweza kutofautisha.

MWANA: Na wewe ukaona ujaribu la 32.

BEKA: Mimi—

MWANA: Waambie. Waambie ulichofanya Jumatano.

BEKA: Nilibandika plasta nyeusi kwenye kitaa cha ruta. Nikamwambia shangazi, "Samahani, tunaiwasha nusu saa, tuna kazi." Sikuiwasha. Dakika kumi hazijafika, kashika kichwa.

MWANA: Ulimdanganya mtu mzima, ndani ya nyumba yangu, na ulikuwa umeshakula ming'oko yake aliyokuletea kutoka Newala.

BEKA: Ming'oko ilikuwa mizuri, namshukuru. Lakini umeona? Ruta imezima, kichwa kinauma. Hofu nayo inaumiza. Akijua hivyo atalala, na wewe utakula changu wako.

MWANA: Kwa hiyo kichwa kiliuma au hakikuuma?

BEKA: Kiliuma.

MWANA: Basi.

BEKA: Basi nini? Kama dawa yake siyo kuzima ruta, unamkosesha dawa yenyewe!

MWANA: Mara moja tu, Beka, kaumwa kichwa, na wewe umeshahitimu udaktari. Na kile kichwa ulimpa wewe kwa mdomo wako. Sasa hivi nikisema nazima, haniamini. Anaigusa ruta kuona kama ina joto.

BEKA: Sikuwa na nia mbaya.

MWANA: Nenda kamwambie hivyo.

BEKA: Nitaendaje, nanuka!

MWANA: (kimya)

BEKA: Mwana?

MWANA: Nipo.

BEKA: Kule Marekani, West Virginia na Virginia, kuna eneo lililotengwa tangu 1958 mawimbi yapunguzwe, kwa ajili ya darubini kubwa za kusikiliza nyota. Kilomita za mraba 34,000 hivi, kama Mkoa wa Mtwara mara mbili. Kuna watu wamehamia kijiji cha Green Bank, hapo kwenye darubini, na wanasema wamepata nafuu. Hata mimi hilo siwezi kulicheka. Ila wanajua mawimbi yamepunguzwa, ndiyo hoja yangu.

MWANA: Na hoja yangu ni kwamba wamepata nafuu.

BEKA: Hatuelewani.

MWANA: Hatuelewani. Na betri imebaki kijistari kimoja, chaja siwezi kuchomeka. Soma hayo mambo matatu, upesi.

BEKA: La kwanza... Mwana, sioni. Washa taa ya huku.

MWANA: Ya huko ni tyubu.

BEKA: Tochi ya simu?

MWANA: Simu yako iko wapi?

BEKA: Uliniambia niiache kwa jirani.

MWANA: Basi sema kwa kichwa.

BEKA: Kwa kichwa nakumbuka la tatu tu, nalo uliliandika wewe. Ngoja nisogee mlangoni, kuna mwanga wa mshumaa wako—

MWANA: Beka. Kigoda.

(Rekodi imekatikia hapa.)