Njoo na Kikombe Chako: Mhadhara kwa Wenye Kisukari na Wanaowapikia

Asante, Mwenyekiti. Shikamooni wazee, na wengine wote habari za asubuhi. Kisukari ni nini, dalili zake na aina zake, daktari ameshayasema, sirudii. Mimi nimepewa dakika arobaini niseme mtu afanye nini akiandikiwa kwenda kwa mtaalamu wa lishe, na nawaambia mapema kwamba nyingi zitaishia kwenye unga. Nivumilieni. Hili nimeshalisema kwenye kumbi nyingi, na bado watu wakitoka mlangoni nasikia wanaulizana, "Kwa hiyo tule dona, sivyo?"

Haya, tuanze na hiyo dona. Mgonjwa anaambiwa na jirani, au na mhudumu mwenye foleni ndefu: acha sembe, unga wa mahindi yaliyokobolewa, kula dona, wa yasiyokobolewa. Anaacha sembe. Kesho yake anasongewa ugali wa dona mkubwa kuliko ule wa zamani, maana huu sasa ni "wa dawa". Miezi mitatu ikipita, kile kipimo cha sukari cha miezi mitatu kinarudi asilimia 10, palepale kilipokuwa, na mzee analalamika kwamba ameacha kila kitu kizuri duniani na sukari haishuki.

Piga hesabu. Gramu 100 za unga wa sembe zina wanga unaokaribia gramu 80. Gramu 100 za dona zina kama 76. Basi. Hiyo ndiyo tofauti iliyokufanya uongeze tonge. Simsemi vibaya dona: ganda na kiini vimebaki, kwa hiyo ana nyuzinyuzi zaidi, ana vitamini za kundi B na madini zaidi, na tumbo linashiba mapema. Kama una uwezo wa kuchagua, chagua dona, tena isiyokaa muda mrefu, kwa sababu mafuta ya kile kiini huchacha. Lakini wanga ni wanga. Mwili ukishausaga, unaingia kwenye damu ukiwa sukari, hauulizi umetoka mashine gani.

Sasa tazama sahani. Mtu mzima anayekula ugali wa robo kilo ya unga mchana, na wapo wengi humu msijifiche (kicheko), amekula wanga wa gramu 190. Kijiko cha chai cha sukari kilichopigwa usawa kina kama gramu 4. Gawanya mwenyewe: ni vijiko 47. Halafu huyohuyo, akiletewa chai, anafunika kikombe kwa mkono: "Mimi situmii sukari, nina kisukari."

Kwa watu wazima wengi wenye kisukari tunaanzia gramu 45 hadi 60 za wanga kwa mlo mmoja, kisha tunapandisha au kushusha kulingana na mwili wa mtu, kazi yake na dawa zake. Gramu 45 ni unga kama gramu 60 tu. Najua, mmeguna. Na kuna fundi mwashi pale nyuma anasema moyoni, "Huyu hajawahi kubeba zege." Fundi, una haki kabisa. Wewe huwezi kula sawa na karani anayekaa kutwa. Ndiyo maana hesabu inafanywa mtu kwa mtu, na ndiyo maana karatasi ile iliyotolewa kopi, "vyakula vinavyoruhusiwa na vilivyokatazwa", haikufai. Fundi cherehani gani anakata kitambaa kabla hajakupima kiuno? Kwako wewe mtaalamu ataongeza wanga kwenye mlo wa kabla ya kazi, na daktari ataangalia dawa ziendane nao.

Mwingine atasema ugali wa kiporo hauna sukari, amesikia kwenye simu. Ni kweli kwamba wanga uliopikwa ukapoa, sehemu yake inakuwa ngumu kusagika. Sehemu ndogo. Haikupi ruhusa ya kula kiporo maradufu. Na uji wa lishe, jamani! Mgonjwa wa kisukari anapelekewa uji wa nafaka saba, umesagwa laini, umepikwa mwepesi, umewekwa asali "kwa kuwa asali si sukari". Kijiko kimoja cha chakula cha asali kina wanga wa gramu 17. Uji ule ulitungwa kwa ajili ya mtoto anayetakiwa kuongezeka uzito. Wewe unatakiwa upunguze, unaunywea nini?

Mtaniambia, "Mizani hatuna." Hamuihitaji. Nunua pakiti ya unga ya kilo moja. Chukua kikombe kilekile ambacho nyumbani kwako hutumika kuchotea unga, si kizuri cha wageni. Chota, piga usawa kwa kisu, mimina kwenye beseni, hesabu mpaka pakiti iishe. Vikitoka vikombe 8, kila kimoja ni gramu 125, na kina wanga wa gramu 95 hivi. Vikitoka 10, kila kimoja ni gramu 100. Andika kwa kalamu kwenye mlango wa kabati. Fanya hivyohivyo kwa mchele. Kuanzia siku hiyo mpishi anachota kwa idadi, hachoti kwa jicho, na sahani ya mgonjwa inagawiwa kwanza, kabla ya sinia la wengine. Kosa la kawaida ni kupima siku ya kwanza kisha kubadili kikombe wiki ya pili. Namba zote zinakufa.

Hicho kikombe njoo nacho kliniki. Sitanii. Na njoo na anayekupikia. Baba anakuja peke yake, anaitikia kila kitu, anarudi nyumbani hajui hata chumvi inakaa wapi. Kama ni mke, binti, mkwe au dada wa kazi ndiye anayesonga, yeye ndiye mwanafunzi wangu. Wewe ni mlaji.

Kitu kingine cha kuja nacho ni manunuzi ya mwezi, kwa sababu mtu ukimuuliza anakula mafuta kiasi gani atakujibu "kidogo tu". Kila mtu anakula mafuta kidogo tu, na wafanyabiashara wa mafuta wanatajirika. (Kicheko.) Mimi nauliza: dumu la lita tano linakaa siku ngapi, na mko wangapi? Watu watano, siku thelathini: kila mmoja anapata mililita 33 kwa siku, vijiko viwili vya chakula na ziada kidogo, kalori kama 270. Dumu likiisha siku ya kumi na tano, zidisha mara mbili. Sukari vilevile: kilo moja kwa wiki kwa watu watano ni gramu 28 na ushei kwa kila mtu kila siku, kabla ya soda na maandazi. Chumvi: Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai, chote kwa pamoja. Watu wazima watano, mwezi mzima, ni gramu 750, yaani pakiti moja na nusu za nusu kilo. Ukimaliza pakiti nne una jambo la kueleza. Na vile vidonge vya kuongeza ladha kwenye mchuzi vihesabuni, takribani nusu yake ni chumvi.

Tatu, vipimo vya sukari, lakini vya maana. Daftari lililojaa vipimo vya asubuhi peke yake linanieleza habari za usiku, halinielezi habari za chakula. Stripu za kupimia sukari ni ghali, najua, kwa hiyo zitumie kwa akili: chagua mlo mmoja, pima kabla ya kula, pima tena saa mbili tangu tonge la kwanza, na pembeni andika ulikula vikombe vingapi vya nini. Milo mitatu ya namna hiyo inatosha kwa kuanzia. Ukitoka 7 ukafika 13, kwa mashine inayosoma mmol/L, mlo huo umekuzidi. Ukianza 12 ukamaliza 13, mlo wako hauna neno, tatizo lilikuwepo kabla hujala, na hapo nazungumza na daktari kuhusu dawa badala ya kukunyima ugali bure. Mnaona? Watu wanafungishwa njaa kwa kosa ambalo si la sahani.

Na dawa zote zije, na vifungashio vyake, pamoja na ile chupa ya mizizi unayomficha daktari. Hapa siwachekeshi. Mtu anayetumia glibenklamidi, kile kidonge cha kushusha sukari, au insulini akaamua kuruka mlo kwa sababu ameambiwa kufunga kunaponya kisukari, anaweza kuanguka njiani. Dawa imeshaingia, chakula hakipo. Insulini ya mchanganyiko inachomwa kama nusu saa kabla ya kula. Choma ukiwa umeona chakula kimeiva, usichome ukisikia harufu ya vitunguu. Ukitetemeka, jasho jembamba, kichwa hakikai sawa, sukari iko chini ya 4: vijiko vitatu vya chai vya sukari vilivyojaa, kwenye maji, subiri dakika kumi na tano, pima tena, ikiwa bado rudia, kisha kula. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali.

Siku yenyewe kwa mtaalamu utavuliwa viatu, utapimwa uzito, urefu na kiuno, halafu utaulizwa jana ulikula nini tangu ulipoamka. Sema kweli. "Chai na mkate" si jibu. Chai yenye vijiko vingapi, mkate vipande vingapi, umepakwa nini, na saa nne ulipita kwenye mihogo ya kukaanga au hukupita? Siku ya kwanza ichukue karibu saa moja. Mtu aliyekumaliza kwa dakika tano hakukusikiliza. Urudi baada ya wiki mbili hadi nne, na ukirudi na mabadiliko mawili yaliyoshika inatosha sana.

Ondoka haraka kwa anayekuuzia makopo ya virutubisho mezani palepale, au anayekuambia acha insulini. Ndugu zetu wa Kenya wana taasisi ya kusajili wataalamu wa lishe, KNDI, kwa sheria ya mwaka 2007. Unauliza namba ya mtu na kuihakiki. Hapa kwetu anzia hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa, na usione haya kuuliza amesomea wapi.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi haraka. Wanaofunga Ramadhani: njooni wiki sita hadi nane kabla, si usiku wa kuamkia mfungo, na futari ya viazi, magimbi na tende kwa mkupuo mmoja tutaijadili kwa vikombe hivyohivyo. Wajawazito: vidonge vya madini chuma visishushwe kwa chai, acheni nafasi ya saa moja au mbili. Waliotumia vidonge vya kisukari vya metformini miaka mingi, waulizeni madaktari kuhusu vitamini B12.

Wenye figo nilikuwa na mengi, sasa hayatoshi. Chukueni hili moja: msinunue chumvi mbadala dukani, nyingi zimetengenezwa kwa potasiamu, na hiyo kwa figo iliyochoka inaweza kusimamisha moyo. Wenye figo, na wale wanaotumia dawa ya kuzuia damu kuganda, ambao mchicha na kisamvu wao una hesabu yake, msiondoke baada ya chai. Njooni hapa mbele na kadi zenu, mmoja mmoja.