Sukari Inayobaki Kwenye Machicha

NEEMA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo tunawazungumzia wale wanaotengeneza bia nyumbani kwa kimea kitupu cha shayiri, wakatia kilo 5 za kimea na kuambulia maji yenye utamu hafifu. Kaka Baraka, tuanzie wapi?

BARAKA: Tuanzie kwenye kipimo, dada Neema, maana mimi kiliniumbua. Kilo moja ya kimea cheupe hutoa, kwa kiwango cha juu kabisa, takriban pointi 300 ikikadiriwa kwa lita moja ya maji (pointi ni zile elfu zinazozidi 1.000, ambayo ndiyo maji matupu), hivyo kilo 5 ni pointi 1,500. Nilikinga lita 26, haidromita, kile kipimo kinachoelea kuonyesha wingi wa sukari, ikasoma 1.032, yaani pointi 32 mara lita 26, ambayo ni 832: asilimia 55 tu. Nilikuwa tayari nimeshaanza kuifungua mashine ya kusagia.

NEEMA: Kumbe?

BARAKA: Kumbe nilipima maji yakiwa na nyuzi 50, ilhali haidromita yangu imetengenezwa kusoma kwa nyuzi 20. Sampuli ilipopoa ikasoma 1.042, karibu asilimia 73, na mashine ikarudishiwa skrubu zake.

NEEMA: Yangu ilikuwa na kosa kweli. Nilimwaga kiganja cha kimea kilichosagwa kwenye sahani nyeupe, nikaona punje nzima zimejaa humo kama chuya kwenye mchele. Punje isiyopasuka haitoi wanga wake hata ukiiloweka kutwa, kwa hiyo nilisogeza rola hadi zikaachana kwa milimita 1 hivi. Hata hivyo, kazi hii ni ya kuparaza, si ya kusaga unga laini, kwa sababu maganda yakisagika hakuna kitakachochuja.

BARAKA: Kuhusu kuloweka, nyuzi 66 kwa saa moja zinatosha kwa kimea cha kawaida, mradi ukoroge hadi madonge yaishe na pH, yaani kipimo cha uchachu, iwe kati ya 5.2 na 5.6. Tone la iodini likigeuka bluu-nyeusi kwenye sampuli ya maji hayo, wanga bado upo, haujageuka wote kuwa sukari. Sampuli hiyo imwage.

NEEMA: Hasara nyingine iko kwenye machicha. Kilo 5 hunyonya takriban lita 5, na lita hizo ni tamu sawasawa na zile ulizokinga. Ukitia lita 31 zote kwa mkupuo mmoja, unaacha humo 5 kwa 31, kama asilimia 16 ya sukari yako. Ukilowekea lita 15, ukakinga, kisha ukasuuza kwa lita 16 zilizobaki, hasara inashuka hadi asilimia 8 hivi.

BARAKA: Kwa maji yaleyale!

NEEMA: Yaleyale, lakini ukoroge upya kabla ya kukinga mara ya pili. Maji ya kusuuzia yawe ya nyuzi 75 hivi, yasichemke, la sivyo maganda yatatoa ukakasi.