Ndevu za kipilipili: mafuta umepaka, maji je?

Oya wanangu wa Dar mambo vipi, na wale wa salamaleko, salamaleko. Leo siko London, mnaona wenyewe nyuma yangu hapo kamba ya nguo na kuku wa jirani anapita, niko Sinza kwa bi mkubwa, kibarazani, jasho linanitoka kama nimemwagiwa ndoo. Nimekuja kwenye ndoa ya mdogo wangu wa kike, Ijumaa hii inshallah, Magomeni, na kwa kuwa mzee alishatangulia mbele ya haki basi mimi kaka mtu ndo walii, yaani nakaa pale mbele ya shehe nimeshikana mkono na bwana harusi namuozesha, na ukumbi mzima unanitazama usoni. Sasa uso wenyewe ndo huu. Ngoja nisogee kwenye kamera.

Mmeona? Hizi ndevu nimezifuga miezi minane. Kule kwenye baridi zilikuwa zimelala zimetulia, kazini wananisifia, nikajua mimi ndo mimi. Nimetoka tu pale uwanja wa ndege likanipiga lile joto la Dar, lile linalokupokea mlangoni kabla hata ndugu zako hawajakuona, mpaka tunafika Ubungo ndevu zishasimama kila moja inaangalia mtaa wake. Bi mkubwa kanifungulia geti, hajasema hata karibu, kasema, "Baba, hizo ndevu au umebandika makumbi ya nazi?"

Bamdogo ndo alikuwa mbaya zaidi. Kaja jioni ile ile, kanipa mkono, kanitazama, akamgeukia mama akamuuliza taratibu, kama mimi sipo, "Shemeji, walii wenyewe huyu?"

Sasa mimi bamdogo nikamtazama zake. Ana miaka sabini na kitu, ndevu zake za kipilipili vilevile, ukoo mmoja, damu moja, sasa nyeupe, lakini zimelala kama pamba. Hajawahi kununua kichupa cha mafuta ya ndevu maishani mwake. Mimi nina kabati zima, nina kichupa cha mili 30 nimekinunua pauni kumi na nane, nikikwambia kwa shilingi utazima simu. Nikamuuliza bamdogo unapaka nini? Akasema hapaki kitu, mafuta ya nazi tu akikumbuka. Nikasema hapana, kuna kitu huyu mzee ananificha.

Adhana ya magharibi ikalia, akaenda kutawadha pale nje kwenye ndoo, na mimi nikasimama pembeni nasubiri zamu yangu. Ndo nikaona. Alipofika kuosha uso kachota maji kwenye kiganja, kayapeleka chini ya kidevu, halafu vidole vinapenya ndani ya ndevu kutokea chini kwenda juu, taratibu, mpaka maji yanachuruzika kwenye shingo. Mara tano kwa siku. Miaka hamsini na zaidi. Na mimi, tusidanganyane, kule kazini swala nazikusanya mpaka nirudi nyumbani, kwa hiyo ndevu zangu zinaonja maji asubuhi na usiku, basi, halafu katikati ya siku nazimiminia mafuta juu ya ukavu.

Wanangu hilo ndo tatizo letu wengi. Mafuta hayalainishi ndevu. Maji ndo yanalainisha, mafuta kazi yake ni kuyafungia yasitoke. Ukipaka mafuta kwenye ndevu kavu umefunga mlango na ndani hamna mtu.

Ngoja niwaeleze kwa nini sisi ndo tunateseka zaidi. Unywele wa kipilipili unatoka kwenye shina lililopinda ndani ya ngozi, na ukiukata ukautazama kwenye darubini si duara kama wa Mchina, umebonyea kama mkanda. Ngozi inatoa mafuta yake yenyewe, kwa mtu mwenye nywele zilizonyooka yanateleza kwenye unywele mpaka nchani, kwetu yanakutana na kona, kona, kona, yanaishia njiani. Ncha inabaki kavu. Halafu ndevu kwa kawaida ni nene kuliko nywele za kichwani, ndo maana ukizishika unasikia stilwaya. Sasa unywele wenye kiu ukifika Dar, hewa yote hii ina unyevu, unakunywa hovyo hovyo, huku umevimba huku haujavimba, ndo ule mtawanyiko mnaouona hapa. Na mjue kipilipili kinaficha urefu. Jana nimeuvuta unywele mmoja wa kidevuni nikaupima kwa rula ya mpwa wangu, sentimita tisa, nikauachia ukarudi kwenye nne. Kwa hiyo wewe unayelalamika hazikui, zinakua bwana, ndevu zinaenda kama sentimita moja kwa mwezi, zinajikunja tu.

Kabla sijawaonyesha ninachofanya niwaambie nilichokifanya mwaka juzi ili mtu asirudie. Nilienda saluni moja kule London nikasema nataka zinyooke, wakanipaka dawa. Dawa ile ile ya kichwani ya akina dada. Wanangu! Dawa nyingi kali za kunyooshea nywele zina sodiamu haidroksaidi, kemikali ile ile ya kuzibulia masinki, na ngozi ya usoni siyo ngozi ya kichwani. Dakika za mwanzo nilikuwa najitazama kwenye kioo nacheka, nikaanza kusikia moto hapa chini ya mdomo, nikajikaza kiume, ujinga tu, kuja kuoshwa ngozi imeondoka kama ganda la kiazi cha kuchemsha. Wiki mbili nakula kwa mrija. Na zile zilizopona zimeota tena kipilipili vilevile, maana dawa inanyoosha ulichonacho nje, shina ndani halijui habari hiyo. Hapa pembeni mpaka leo kuna kiraka hakioti, mnaona? Ndo maana sipigi picha upande huu.

Haya tuje kwenye kazi. Maji kwanza, na hapa Dar maji yana siasa yake. London maji yana chokaa, birika la chai likikaa wiki chache ndani linaota ukoko mweupe, na ukoko huo huo unaachwa kwenye ndevu. Nikadhani nikija nyumbani nimepona, kumbe kwa bi mkubwa siku hizi bafuni ni maji ya kisima, ya chumvi, unasugua sabuni povu hakuna, ukikauka unajiona kama ng'onda. Kwa hiyo osha na chochote ulichonacho lakini suuza ya mwisho tafuta maji ya bomba au ya mvua, kopo moja tu linatosha, bi mkubwa ana dumu lake la kupikia chai nimemuomba kopo, kaninyima, nikachota alipoingia ndani.

Sabuni ya mche acha kabisa, ile ni ya mashuka. Shampuu mara mbili kwa wiki, tatu kama unapanda bodaboda kila siku vumbi lote la barabarani linaishia kidevuni, siku zingine maji matupu na vidole kama bamdogo. Ukishaosha weka kondishina, hii hii ya dada zako ya kwenye nywele, iache dakika tano, na ndo wakati wa kuchana. Usichane zikiwa kavu. Chanuo la meno mapana, anzia nchani, panda kidogo kidogo kwenda kwenye ngozi, ukianzia juu unavuta mafundo yote chini unang'oa. Mimi nilikuwa nachana kavu asubuhi nikiwahi treni, sinki zima nywele, halafu nakaa najiuliza mbona zimepungua upande mmoja.

Zikiwa bado mbichi, zisiwe zinachuruzika, ndo mafuta. Matone manne matano kwenye kiganja, sugua viganja, ingiza kutokea chini. Na mafuta nayotumia sasa hivi ni haya, kwenye chupa ya soda, kapika mama jana. Nimekaa nimekuna nazi sita kwenye mbuzi, mtu mzima na degrii yangu, vidole vimechubuka, kakamua tui, kachemsha moto mdogo mpaka mafuta yakajitenga juu na chini yakabaki mashapo ya kahawia, nyumba nzima inanukia utadhani sikukuu. Mafuta ya nazi chini ya nyuzi 24 yanaganda, kule London naamka nayakuta magumu kama mshumaa, nakwangua kwa kijiko, hapa Dar kwa joto hili ni maji tu, hata hayakupi kazi. Na si mambo ya kibibi tu, kuna utafiti wa mwaka 2003 walilinganisha ya nazi na ya alizeti na mafuta ya madini, ya nazi ndo yalipunguza protini inayopotea kwenye nywele, kwa sababu yanapenya ndani, mengine yanabaki juu juu. Ila kama una chunusi yaweke kwenye ndevu, usijipake shavu zima, yanaziba vinyweleo.

Baada ya hapo ni kuzilaza, na hapa ndo nimeleta balaa nyumbani. Kule natumia blo draya na brashi, moto mdogo, unavuta kwenda chini. Hapa juzi umeme ukakatika, nikachukua kipande cheupe cha kanga nikazikandamiza nikafunga, kinapita chini ya kidevu kinakuja kufungwa utosini, dakika ishirini, zikikauka zinakauka zimelala. Inafanya kazi kweli kweli. Sasa niko sebuleni nimejilaza kwenye kochi, macho nimefumba, taya limefungwa kitambaa cheupe, bi mkubwa anaingia na beseni la mchele. Wanangu, beseni lilikoishia sijui. "Toa hicho kitambaa! Uchuro gani huo unautia kwenye nyumba yenye harusi!" Maana kwetu anayefungwa taya hivyo mnajua ni nani. Kwa hiyo fungeni, lakini fungeni mkiwa mmekaa, na tafuta kanga yenye maua.

Kinyozi sasa. Nimeenda kwa kijana mmoja hapa jirani, mkono mzuri, nikamwambia mambo mawili. La kwanza, punguza zikiwa kavu, kwa sababu zikiwa mbichi zinarefuka, ukikata ukafurahi zikikauka zinaruka juu unabaki na kidevu cha mtoto. La pili, mstari wa shingoni usiupandishe mpaka kwenye mfupa wa taya. Vinyozi wa Dar mnapenda sana huo mstari, mnachonga juu mpaka mtu anaonekana kavaa ndevu za kuazima. Weka vidole viwili juu ya kongomeo, hapo ndo mpaka, chini yake nyoa, juu yake acha.

Na hapo shingoni usipige wembe mpaka ngozi ing'ae. Ndo vile vipele vinapotoka. Unywele wetu ukikatwa chini kabisa unabaki na ncha kali kama mkuki, ukiota unajikunja unarudi kuichoma ngozi yako mwenyewe, mwili unauona kama mwiba, inavimba, usaha, halafu unanyoa tena juu yake. Mashine, bakiza hata milimita moja, vipele vinapungua vyenyewe. Kama vimeshajaa pumzika kunyoa mwezi mzima. Ile spiriti anayokupiga nayo kinyozi inakausha tu na kukupa machozi, mwambie hiyo spiriti aimalizie kwenye mashine yake, huko ndo inahitajika, kabla hajakugusa. Na kama vipele vimegeuka makovu magumu yanayokua, hayo si ya kinyozi wala si ya YouTube, nenda kwa daktari wa ngozi, Muhimbili wapo.

Wanaoniuliza inboksi kuhusu minoksidili: ni dawa iliyoanza kama dawa ya presha, ikaja kuruhusiwa kwa upara wa kichwani, ndevuni watu wanajiwekea kwa akili zao. Mafuta ya nyonyo nayo yanang'arisha, kuotesha sijaona. Na dada mmoja kaniuliza mume wake anapaka piko ndevuni ila anawashwa, dada mwambie aache leo, rangi nyingi nyeusi zina kemikali inayoleta aleji, na aleji hiyo ikishakujua haikusahau.

Haya ndo zimetulia, tazameni, upande huu... na huu wa kiraka haya tazameni tu tushazoeana. Nimetumia maji, mafuta ya chupa ya soda na kanga. Kile kichupa cha pauni kumi na nane nimempa mpwa wangu anapakia mnyororo wa baiskeli.

Bamdogo jana kapita tena. Kanishika kidevu hivi, kama unavyoshika embe sokoni, akaminya kidogo, hajasema neno, kamwambia mama alete chai. Kwa bamdogo hiyo ni cheti.

Subirini. Mnasikia? Alasiri hiyo. Nazima kamera nikatawadhe, na kopo la maji ya bomba ni lile lile, bi mkubwa asije akanikuta.